Gemu za mkononi kutoka Japani: kagua kioo kabla ya bei

Malalamiko ninayoletewa kuhusu mashine hizi kuukuu za gemu yanafanana hadi yanachekesha. Mzigo umefika salama, vitufe vinabonyea, sauti inatoka, lakini kioo kina doa jeusi linalotambaa kutoka pembeni. Muuzaji aliandika "inafanya kazi". Ni kweli, inafanya kazi. Hakusema kama utaona kitu.

Kwa hiyo leo siongelei wingi wa gemu wala rangi za kava. Naongelea polaraiza, ule utando mwembamba unaochuja mwanga juu ya kioo cha LCD. Utando huo una tabaka za selulosi asetati, na ukikaa miaka kwenye joto na unyevu huoza na kuachia asidi ileile iliyomo kwenye siki. Ukifungua boksi ukasikia harufu ya siki, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Unaweza kununua utando mpya, na fundi wa simu mwenye mkono mtulivu ataubandua ule wa zamani na kusafisha gundi, ila gharama hiyo iondoe kwenye bei kabla hujalipa. Na ukishaipata mashine, wewe wa Mombasa au Tanga, usiifungie kwenye kabati la ukutani lenye jasho.

Dai picha ya kioo kikiwa kimewashwa kwenye ukurasa mweupe, moja ya mbele na moja ya mshazari. Picha ya mashine iliyozimwa ni pambo tu. Tangazo likiwa na neno ジャンク ("janku", yaani kibovu), jua hakuna dhamana wala kurudisha.

Namba moja kwangu ni SwanCrystal ya Bandai, na upendeleo wangu siufichi. Ukoo wake, WonderSwan, ulianza na Gunpei Yokoi, yule aliyeongoza kazi ya Game Boy akiwa Nintendo. Alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1997, WonderSwan ya kwanza ikatoka 1999. Inatumia betri moja tu ya AA, na ina vitufe vya mwelekeo seti mbili, kwa hiyo gemu nyingine unazicheza ukiwa umeisimamisha wima. SwanCrystal, ya mwaka 2002, ndiyo ya mwisho, na kioo chake cha TFT (aina ya LCD inayobadilika haraka) hakiachi ukungu nyuma ya vitu vinavyokimbia kama WonderSwan Color ya 2000. Haina taa, kaa karibu na dirisha. Tundu la earphone pia hakuna, unahitaji adapta. Inaudhi, lakini nimeisamehe.

Ya pili ni Neo Geo Pocket Color ya SNK. Kijiti chake cha mwelekeo kinalia tik-tik kila ukikisukuma, raha tupu. Kwenye menyu unachagua Kijapani au Kiingereza, na gemu nyingi hufuata chaguo hilo. Asiyesoma Kijapani akiiweka ya kwanza, sitabishana naye.

Ya tatu ni Game Boy Light ya 1998, iliyouzwa Japani tu. Ina taa yake ya kijani-samawati, lakini taa za aina hiyo hufifia kadiri zinavyotumika, kwa hiyo hapa omba na picha ya gizani. Bei zake sasa ni za wakusanyaji, si za wachezaji.

Mfuko ukiwa mwembamba, chukua WonderSwan ya kwanza, isiyo na rangi. Baadhi ya katriji (vikasha vya gemu) za rangi haitazisoma. Yatosha.

Sasa hawa walanguzi. SwanCrystal ilitoka dukani kwa yeni 7,800 ikiwa mpya. Leo mtu analeta kipande kilichochubuka, anakiita "adimu", anakiuza kama kiwanja, na ukimwomba picha ya kioo anakujibu "haina shida, bosi". Wauzaji wengi wa minada ya Japani hawatumi nje, hivyo utapitia wakala: kuna ada yake, usafiri wa ndani ya Japani, kisha usafiri wa kuja huku. Halafu forodha. Kenya VAT ni asilimia 16, Tanzania Bara 18, na haipigwi kwenye bei ya mashine peke yake. Inapigwa juu ya bei, usafiri na ushuru vikishajumlishwa. Kwa hiyo ukinunua mbili, mwambie wakala azishike ghalani na kuzifunga pamoja, na kama anatoza kidogo kwa picha za ziada, mlipe.