Kete ndogo za kucheza na mtoto: kabla hujalipa, zisimamishe

Mwezi uliopita tulikuwa tunavuka kwenda Unguja na mwanangu, ana miaka sita, nikasema nimnunulie dhumna ndogo ya kutia mkobani ili yale masaa mawili ya boti asinisumbue na simu. Nikalipa 18,000 mtandaoni, ikaletwa na boda, kopo zuri la bati, kete 28 zote zipo. Tumekaa tu, tukagawana saba saba, hapo ndo nikajua nimeuziwa kitu kibovu. Kete hazisimami! Nyembamba kama biskuti, boti ikitikisika kidogo tu zote chali. Na kiganja cha mtoto wa miaka sita hakishiki kete saba, basi akawa anazilaza kifudifudi, kila zamu anafunua moja moja aone ana nini, anasahau, anafunua tena, mwisho akazifunika na kofia yake akawa anachungulia chini ya kofia. "Mama usiangalie!" Wakati mimi nshaziona zote. Hata Chumbe hatujafika mchezo ushakufa.

Kwa hiyo leo siongelei rangi wala umri wala wachezaji wangapi, hayo soma kwenye boksi. Naongelea unene. Kete ya mtoto lazima isimame yenyewe kwa ubavu. Ukiwa dukani omba tatu, zipange kwenye kaunta, gonga kaunta kwa vidole, ikianguka hata moja rudisha. Muuzaji akikataa kufungua nailoni, ondoka. Angalia zile dhumna za wazee barazani, unene unakaribia sentimita moja, mtu kazipanga zake mbele yake kama ukuta na mwenzie anapiga kete mpaka meza inalia, wala haziyumbi. Za kubeba safarini mimi naona hizi tatu:

1. Qwirkle ndogo ya safari, mchezo wa kupanga kete za rangi na maumbo. Nasema wazi, mimi kwa Qwirkle sisikii la mtu. Kete zake ni vibonge, zinasimama, na mkononi unakaa na sita tu. Zipo 108, maumbo sita kwa rangi sita, kila moja mara tatu, unapanga mstari wa rangi moja maumbo tofauti, au umbo moja rangi tofauti, ukitimiza sita unapata pointi 12. Mtoto hata kusoma hajui anakufunga! Wajerumani waliipa tuzo yao ya mchezo bora wa mwaka, Spiel des Jahres, mwaka 2011 na walistahili kuipa. Kasoro moja, usiku kwenye taa hafifu nyekundu na chungwa zinafanana. Yetu dada yangu alituletea kutoka Uingereza, huku kuipata ni kazi.

2. Hive Pocket. Hapa hakuna cha kuficha, kete zote ziko wazi mezani, kwa hiyo habari ya kusimama haipo kabisa. Kila kete ni mdudu, unawasogeza siafu, panzi, buibui, mpaka umzingire malkia wa mwenzio. Ubao hauhitaji. Ila boksi limeandika miaka tisa na ni kweli, wangu alikuwa anaruka na panzi tu, na ni ya watu wawili.

3. Dhumna ya kawaida ile nene, itie kwenye mfuko wa kitambaa. Nzito kidogo lakini mtoto anacheza.

Zile za bei rahisi za plastiki za kwenye kopo, acha.

Na nyie wauzaji, kwanini bei mpaka inbox? Picha mnaweka kete peke yake kwenye weupe, hakuna mkono, hakuna kiberiti pembeni, mtu atajuaje ukubwa? Nikiuliza unene milimita ngapi najibiwa "dada hii original". Sijauliza original, nimeuliza unene! Weka kete imesimama pembeni ya kiberiti, piga picha, basi, dakika moja haiishi. Yule aliyeniuzia nilimwandikia nataka kurudisha, tiki za bluu zimetoka, kimya mpaka leo, na tangazo lake bado liko hewani na picha ile ile.