Mafunzo ya moto shuleni kwa mwanangu: watoto walitoka na vikombe vya uji

Kengele ya shule anayosoma mwanangu ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mparachichi. Ikigongwa mara tatu ni mstarini, ikigongwa mfululizo ni uji. Siku ya zoezi la moto mwalimu wa zamu aliambiwa aigonge bila kuacha, naye akaigonga kweli. Watoto wakatoka madarasani mbio, nusu yao na vikombe mkononi. Wa darasa la tatu walikwenda moja kwa moja jikoni wakapanga foleni, na mpishi, ambaye hakuna aliyemwambia lolote, akawafukuza kwa mwiko.

Naanza na hilo maana kuna wazazi wa shule nyingine hapa Moshi wananiuliza kama huduma hii ya kampuni kuja kufundisha mambo ya moto inafaa kulipiwa. Sisi tulichangishwa shilingi 4,000 kwa kila mtoto. Mimi ni fundi cherehani, nina meza yangu Mbuyuni, nashona sare za shule nne ikiwemo hiyo, na nimo kwenye kamati ya wazazi. Kampuni siitaji, shule nayo siitaji, mwanangu bado ana mwaka mzima pale. Wenyewe wakisoma watajijua.

Kosa lao la kwanza lilikuwa kutotupa taarifa. Kamati tuliambiwa wataalamu watakuja "wiki ijayo", basi. Saa nne asubuhi ya Jumatano nakata suruali, simu ikaanza kutetemeka juu ya meza. Mzazi mmoja mwenye duka jirani na shule ameandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Shuleni kuna moshi na watoto wote wako uwanjani." Akanyamaza. Nadhani alikuwa na wateja. Mkasi niliuacha ndani ya kitambaa, nikarukia bodaboda. Kupanda kule njia ya Kibosho huwa natoa elfu tatu. Siku hiyo nilimpa kijana elfu tano na chenji sikuikumbuka mpaka jioni.

Mtu wa mkoa huu mwenye umri wangu usimwambie "moshi shuleni" ukategemea akae atafakari. Juni 1994 nilikuwa darasa la nne. Bweni la wasichana la Shauritanga, kule Rombo, liliungua usiku na wanafunzi zaidi ya 40 wakafa. Nyumbani kwetu jina la ile shule lilitajwa kwa sauti ya chini kwa muda mrefu, na mama alikuwa akilisikia redioni anainuka kuizima. Mwaka 2009 ikawa Idodi, Iringa, wasichana 12. Hayo yote nilikuwa nayo juu ya ile pikipiki.

Nafika getini nakuta nini? Mzee mmoja wa makamo ya baba yangu, kavaa kizibao cha njano kinachong'aa, anachochea matambara kwenye nusu pipa. Moshi mweusi, watoto wanacheka. Mwanangu aliponiona akanipungia mkono, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Nilikaa chini kwenye majani, miguu ilikuwa imekataa. Tulikuwa wazazi kama kumi na watano pale getini, mmoja bado na ovaroli la gereji, na kila mmoja alikuwa anamtafuta mtu wa kumgombeza. Kuna mama hakusema neno. Alikwenda tu kumtoa binti yake kwenye mstari, akampa dawa yake ya kupuliza. Mtoto ana pumu. Hakuna aliyeuliza kama kuna mwenye pumu kabla ya kuwasha yale matambara.

Sasa niwape haki yao, maana mafunzo yenyewe yalikuwa mazuri kuliko nilivyotegemea. Yule mzee ni askari mstaafu wa zimamoto na anajua kuongea na watoto. Shule inafundisha kwa Kiingereza, mwalimu akataka kumtafsiria. Mzee akamwambia amwachie, hawa usiku wakiweweseka wanaweweseka kwa Kiswahili. Akawafundisha kwamba moshi hupanda juu na hewa ya kuvuta hubaki chini, kwa hiyo mnatambaa. Mlango uliofungwa unaugusa kwanza kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto huufungui. Nguo ikishika moto hukimbii, unajitupa chini unabingirika huku umeziba uso. Watoto 200 wakabingirika uwanjani na sare zao, na mimi najua nani atakayeletewa zile sare zishonwe.

Walimu na matroni walishikishwa mtungi wa kuzimia moto mmoja mmoja. Vuta pini, lenga kitako cha moto na siyo ndimi zake, minya, fagia kushoto na kulia. Mwalimu wa hisabati alilenga ndimi, unga wote ukapeperuka, moto ukabaki palepale unamwangalia. Hapo ndipo wengi tulipojua kwamba mtungi mdogo unaisha kwa sekunde, siyo dakika, kwa hiyo kazi yake ni moto unaoanza. Ukishakua, unatoa watu na kupiga 114. Mtungi wa shule uliokuwa ofisini ulikutwa mshale uko kwenye nyekundu. Umening'inia pale tangu mwanangu aanze darasa la kwanza. Nilijiandaa kabisa kusikia tuuziwe mitungi kumi, nikaandaa na maneno ya kujibu, lakini hawakutuuzia kitu.

Kilichonigusa zaidi kilihusu kazi yangu. Mzee aliomba vipande vya nguo za watoto akavichoma kimoja kimoja kwa kiberiti. Sisi mafundi tunakijua kipimo hicho: tukitaka kujua kitambaa ni cha nini tunachoma uzi. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha majivu, poliesta hujikunja na kuacha kishanga cheusi kigumu. Miaka yote nimefanya hivyo mezani kwangu, na sikuwahi kukifikiria kile kishanga kikiwa juu ya ngozi ya mtoto. Mwezi wa sita na wa saba kule juu ni baridi, watoto wanalala na masweta yale yale ninayowauzia wazazi kwa kuyasifu kwamba hayachuji rangi. Sasa hivi mzazi akija kushonesha nguo ya kulalia namshauri pamba. Inazidi kwa elfu mbili, wengine wanakataa, sawa.

Malalamiko yangu makubwa ni saa na mahali. Zoezi lilifanyika saa nne asubuhi, jua linawaka, milango ya madarasa yote iko wazi. Shauritanga na Idodi watoto walikuwa bwenini, usiku. Nikamuuliza yule mzee, shikamoo baba, na bweni je? Akasema mkataba wa shule ni madarasa, bweni ni malipo ya ziada. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani, aliyeandika bei ile au aliyeisaini.

Tukaenda bwenini wazazi wanne. Bweni la wavulana lina milango miwili. Wa nyuma una kufuli, na kitanda cha deka kimesukumwa hapo kwa sababu ya wezi wa magodoro. Madirisha yana nondo. Ufunguo wa lile kufuli tukamuuliza matroni. Uko kwenye mkungu mmoja na funguo za stoo, anaufunga kwenye ncha ya khanga, na yeye analala jengo la pili. Hakuficha kitu, na wala simlaumu, ndivyo alivyoelekezwa na aliyemtangulia.

Kikao cha wazazi Jumamosi iliyofuata kilikuwa kirefu. Bibi mmoja anayelea wajukuu alisimama akasema tunachezea msiba, jambo ukilitaja sana unaliita. Watu wakaguna, wengine kwa kumkubali. Baba mmoja akasema watoto wa siku hizi wanalelewa kama mayai, waacheni waogope kidogo. Mama wa yule binti wa pumu akamuuliza kama na yeye amewahi kukosa hewa. Kikatulia.

Mimi sikusema sana siku hiyo. Mwanangu alikuja likizo fupi, akakataa kufungiwa mlango wa chumba. Kila usiku akawa ananiuliza, mama, ufunguo wa geti la sebuleni uko wapi? Usiku wa kwanza baba yake alicheka. Usiku wa pili akamwambia alale. Usiku wa tatu akainuka kwenda kuutafuta amwonyeshe ili yaishe, na hakuuona. Ulikuwa kwenye mfuko wa koti lake, koti liko ndani ya gari, gari liko nje, na sisi wote watano tuko ndani nyuma ya nondo. Hatukuambiana kitu. Siku ya pili akapigilia msumari nyuma ya mlango, ufunguo unaning'inia hapo mpaka leo, na mtoto hajauliza tena.

Basi kelele zilipozidi, kampuni ikarudi baada ya wiki tatu kwa ajili ya mabweni, kwa shilingi 1,500 kwa kila mtoto wa bweni. Safari hii walifanya kama watu wazima. Ujumbe ulikuja siku nne kabla, una siku na saa, na unamtaka mzazi aandike kama mtoto ana pumu, ana kifafa, au amewahi kupatwa na moto nyumbani. Hakuna matambara yaliyochomwa. Filimbi badala ya rimu. Shule nayo ilishaita fundi wa kuchomelea: madirisha mawili kila bweni nondo zake zimewekewa bawaba na komeo la ndani, na mlango wa nyuma una kitasa cha kuzungusha, hauhitaji ufunguo ukiwa ndani. Kitanda kimeondolewa.

Saa tatu usiku, taa zimezimwa, filimbi ikalia. Mara ya kwanza wavulana walichukua dakika tano na sekunde arobaini. Mmoja alirudi kufuata viatu, wa deka la juu walisubiriana, na kwenye kuhesabu watatu hawakuonekana; walikuwa chooni na hakuna aliyefikiria choo. Wakarudishwa kitandani, wakaelezwa, filimbi ikalia tena. Dakika mbili na sekunde kumi. Nilikuwa nimesimama kibarazani nimejifunika khanga mbili kwa baridi. Mwanangu alipita karibu yangu na blanketi begani, hakunitazama, akaenda kwenye mstari wake akataja namba yake, kumi na saba.

Kwa siku ya kwanza nawapa nyota mbili, na zote mbili ni za yule mzee. Kwa usiku ule nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ramani ya njia za kutokea waliyotuahidi kubandika kila bweni haijafika, na kwa ile bei ya "ziada". Shule inayotaka kuanza, mwulizeni mkufunzi mapema kama bweni limo ndani ya bei, na msisaini kabla hajalikagua kwa macho yake. Halafu piteni kwanza ofisi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, nao hufika mashuleni kutoa elimu. Sisi tuliruka hatua hiyo kwa haraka.

Mpishi naye ameleta ombi lake kwenye kamati, kwa maandishi. Anataka filimbi yake mwenyewe, jikoni ndiko kwenye moto kila siku.