Fremu za majina, Mtaa wa Tom Mboya: nenda ukimjua somo yako

Kuna kibanda kimoja cha kuchapisha majina ndani ya yale majengo ya vibanda vya vioo Mtaa wa Tom Mboya, ghorofa ya pili, na ninakisifu bila kusita kwa mtu yeyote wa Nairobi anayetafuta zawadi ya heshima kwa bei isiyoumiza. Unampa kijana jina, analichapa kwa herufi kubwa, chini yake anaandika asili na maana, kisha analitia kwenye fremu ya mbao yenye kioo. Saizi ya A4 ni shilingi 850, A3 ni 1,500, na mapacha wawili katika fremu moja ni 1,400. Unalipa kwa M-Pesa. Tulilipa pesa zetu wenyewe, na hakuna aliyeniomba niandike haya.

Mimi ni mkunga. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeipitisha chumba cha kujifungulia, mahali ambapo jina husikika kabla halijaandikwa popote. Ndiyo maana fremu ya jina siichukulii kuwa pambo tu la ukutani. Metroni wetu alikuwa anastaafu, tukachanga, nami nikatumwa mjini. Wenzangu walipoiona fremu yake, kila mmoja akataka yake, na ya mtoto wake, na ya mama yake. Hivyo kibanda hiki nimekifahamu kwa majina mengi na ya makabila mengi, na naweza kusema wazi kinapoweza na kinaposhindwa.

Nianze na metroni, kwa sababu hapo ndipo palipo na neno. Jina lake ni Nyambura. Fremu ya kwanza ilitoka imeandikwa: "Nyambura. Asili: Kiafrika. Maana: mvua." Pembeni yake ilikuwa inakauka fremu ya mteja mwingine, Kevin, nayo ilikuwa na mistari mitatu: kwamba ni jina la Ireland, kwamba huko huandikwa Caoimhín, kwamba ni la mtakatifu aliyeanzisha monasteri ya Glendalough katika karne ya 6. Sina ugomvi na Kevin. Nimewapokea akina Kevin wengi kwa mikono yangu, na ni vyema wakijua jina lao lilitoka wapi. Lakini Kevin akipewa nchi, lugha na karne, Nyambura naye apewe chake. Kiafrika si lugha ya mtu yeyote. Mbura ni neno la Kikuyu, na Nyambura ni mmoja wa mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi, wale ambao koo za Wakikuyu zinahesabiwa kwao.

Nilimwambia hivyo yule kijana mwenye printa. Hakubisha. Alisema, "Mama, niandikie vile inafaa iwe, nitachapa upya." Akachapa upya bila kuongeza hata shilingi. Jambo moja tu lilitukwamisha: fonti yake ya mapambo haikuwa na ĩ wala ũ, ikawa inatoa vijisanduku vitupu. Alitafuta nyingine mpaka akapata, na sasa Wakikuyu na Wakamba wataandikiwa majina yao jinsi yanavyotamkwa. Subira yake hiyo ndiyo iliyonirudisha pale tena na tena.

Sasa kuhusu mvua. Tulipomaliza kuagiza, tukajikuta wodini tuna mvua ya kila pembe ya nchi. Nyambura wa Kikuyu. Wambua wa Kikamba, kutoka mbua. Nafula wa Kibukusu, kutoka efula. Akoth wa Kijaluo, kutoka koth. Na daktari wetu wa kutoka Garissa, Roble, ambaye kwa Kisomali mvua ni roob. Zile tatu za kwanza ukizitamka moja baada ya nyingine, kisha ukaongeza mvua yetu ya Kiswahili, unasikia kabisa kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Koth na roob ni za koo nyingine za lugha, lakini mzazi aliyetoa jina alikuwa anatazama mawingu yaleyale. Kibanda kilipata maana ya zote tano sawasawa. Kwa kosa la "Kiafrika" ilibidi nisimame pale niseme moja moja ni ya nani.

Kwa majina ya Biblia na ya Kiarabu hawana shida. Aisha walimwandika vizuri: Kiarabu, aliye hai, mwenye kuishi, na ukifikiri, hata kitenzi chetu kuishi kimetoka mzizi huohuo. Zaidi ya maana, niliangalia mwandiko. Mahali pengi mjini ukiomba jina kwa hati ya Kiarabu unapewa herufi zilizotengana, kila moja peke yake, tena zimepangwa kinyume kwa sababu kompyuta haikuelekezwa. Hapa herufi zimeshikana inavyotakiwa, kutoka kulia kwenda kushoto. Niliona pia fremu ya familia ya Ngara, jina Harpreet, upendo wa Mungu, na pembeni limeandikwa kwa Gurmukhi, hati ya Kipunjabi. Masingasinga hufungua Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu, bila kuchagua ukurasa, na herufi ya kwanza ya utenzi uliotokea ndiyo inayoanza jina la mtoto. Kijana aliniambia hakujua habari hiyo mpaka mteja alipomweleza, naye akaiongeza kwenye fremu. Huo ndio uungwana wake: anayeelezwa na kukubali.

Nikae kidogo kwa mapacha, maana ni kazi ninayoipenda. Mapacha wakizaliwa sisi huwafunga utepe mkononi, pacha wa kwanza, pacha wa pili, na hapo cheo cha ukubwa kimeshaamuliwa. Wajaluo wana Opiyo aliyewahi na Odongo aliyebaki nyuma. Wasukuma na Wanyamwezi kule Tanzania wana Kulwa na Doto. Lakini kwenye ukuta wa kibanda kuna sampuli ya Kiyoruba, Taiwo na Kehinde, na maelezo yake ni sahihi: Taiwo hutoka wa kwanza, lakini Kehinde ndiye mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyemtuma mwenziwe atangulie kuuonja ulimwengu. Nilipowasomea kina mama wodini, mmoja aliyekuwa amejifungua mapacha alfajiri aliinuka kitandani akaomba tumrudie polepole. Chini ya hiyo kuna Thomas, Kiaramu, pacha. Msomaji wa Injili ya Yohana anakumbuka "Tomaso, aitwaye Pacha". Na mtaa wenyewe unaopandia ngazi za kibanda una jina la Thomas Joseph Odhiambo Mboya, waziri aliyeuawa tarehe 5 Julai 1969: pacha kwa Kiaramu, mtoto wa jioni kwa Kijaluo. Nilimwomba kijana aitengeneze fremu ya Mboya na kuiweka juu kabisa ukutani. Mteja anayetoka kuipita sanamu yake Moi Avenue aingie akute na jina lake limeelezwa.

Kofi naye yupo ukutani, mtoto wa Ijumaa kwa Waakan wa Ghana, na mimi ningetaka wamwandike kwa ukamilifu. Yule mzee aliyetupatanisha Wakenya baada ya ghasia za uchaguzi hadi mkataba ukatiwa sahihi Harambee House tarehe 28 Februari 2008 aliitwa Kofi Atta Annan. Alizaliwa Kumasi tarehe 8 Aprili 1938, siku ya Ijumaa, pamoja na dada pacha, na Atta ndiyo pacha. Majina mawili yakatosha kukuambia siku aliyozaliwa na kwamba hakuja peke yake. Juma wetu wa pwani ni somo yake wa Ijumaa.

Udhaifu mkubwa wa kibanda uko kwenye majina ya saa, na hapa naongea kama mtu wa zamu ya usiku. Orodha yao imepanga kwamba Otieno ni usiku, Oduor ni baada ya usiku wa manane, Omondi ni alfajiri, Okinyi asubuhi, Onyango jua likipanda, Ochieng jua la utosi, Odhiambo jioni. Hiyo ni sawa. Wakalenjin wamewekwa vizuri vilevile: Kiprotich ng'ombe wakirudi nyumbani, Kiptoo nyumba ikiwa na wageni, Kipruto njiani safarini, Kipchoge karibu na ghala la nafaka, na kwa hilo la mwisho wamemtaja Eliud Kipchoge aliyekimbia Vienna kwa 1:59:40 mwaka 2019. Tatizo ni kwamba orodha inamhukumu kila mtu kwa saa. Nimempokea mtoto saa saba mchana, jua linawaka kwenye madirisha, na baba yake akafika na jina mkononi: Otieno. Babu yake mtoto alikuwa Otieno, amefariki, na jina limerudi nyumbani. Ukimchapia mtoto huyo "aliyezaliwa usiku" umemwandikia uongo na kumnyima babu yake.

Kwa Wakikuyu ni hivyohivyo, tena kwa utaratibu usiobadilika: mwana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa nyanya zao. Metroni wetu ni binti wa pili, kwa hiyo Nyambura yake ni ya nyanya mzaa mama. Mvua iliyonyesha ni ya siku ya mtu mwingine, miaka mingi nyuma. Kariuki ana maana ya aliyefufuka. Musyoka kwa Kikamba ni aliyerudi. Babatunde kwa Kiyoruba ni baba amerudi, jina la mvulana anayezaliwa babu akiwa ameondoka. Watu wa mbali hivyo wamewaza jambo moja mbele ya mtoto mchanga, na mimi nimeziona sura za wazee wanaoletewa mjukuu mwenye jina la marehemu wao. Hawasemi "hujambo mtoto". Wanasema "karibu baba", "karibu mama", na wanamaanisha.

Kwa hiyo fremu ya metroni tuliimalizia kwa mstari ambao haukuwa kwenye orodha yoyote: "Alipewa jina la nyanya yake mzaa mama." Siku ya kumuaga aliusoma huo kwa sauti, kisha akaanza kutueleza huyo nyanya alikuwa nani, alilima wapi Murang'a, alizalisha wanawake wangapi kijijini kabla hospitali haijafika. Tulimsikiliza mpaka kengele ya chumba cha kujifungulia ikatuita.

Kosa lingine ni la kuamini intaneti kupita kiasi. Binti wa mwenzetu anaitwa Vanessa, fremu ikatoka: "Kigiriki cha kale, kipepeo." Si kweli. Jina hilo lilibuniwa na mwandishi Jonathan Swift kwa ajili ya rafiki yake Esther Vanhomrigh, akaliunga kwa kipande cha jina la ukoo na kipande cha jina lake la utani la Esther, nalo likachapishwa mwaka 1726. Kundi moja la vipepeo likaitwa hivyo baadaye, mwaka 1807. Kwangu mimi ukweli huo ni mzuri kuliko kipepeo: jina zima lilitengenezwa kwa ajili ya mwanamke mmoja. Kijana alibadilisha, na binti ameitundika juu ya meza yake ya kusomea.

Mengine ni madogo. Ukiambiwa saa moja, hesabu jioni, hasa Ijumaa watu wanaponunua zawadi za harusi. Kikulabu cha nyuma cha fremu ya A3 ni chepesi kwa uzito wa kioo, badilisha kabla ya kutundika. Soma kila herufi kwenye skrini kabla hajachapa, kwa sababu akishachapa kwa kosa lako unalipa karatasi.

Ninachowaomba ni mistari miwili tu kwenye fomu yao ya kuagizia, ile ndogo ya manjano: lugha ya jina, na somo wa mwenye jina. Nimemwambia mwenye kibanda, mama mmoja mpole anayekaa mlangoni na daftari la oda, naye ameandika. Mpaka atakapochapa fomu mpya, mpigie mzazi au nyanya kabla hujapanda ngazi, umuulize jina hilo lilitoka kwa nani na mwaka ule kulikuwa na nini. Kwa kazi ya mikono, bei na moyo wa kusikiliza, nawapa nyota nne. Jumapili hawafungui.