TAHADHARI: Vichupa vya "dawa ya kuziba rejeta na gasketi" barabara ya Mbeya–Makambako

Wenye magari na madereva wa Mbeya, Uyole, Igawa hadi Makambako, kuweni macho na watu wanaopita kwenye gereji na maegesho ya malori wakiuza dawa ya kuziba maji ya injini. Maneno yao ni yale yale: inaziba rejeta, inaziba gasketi ya silinda hedi (kile kiziba kinachobanwa kati ya hedi na bloku), inaziba hata ufa wa bloku, na unaimimina tu juu ya kulanti (maji ya kupozea injini) iliyomo.

Hapo kwenye "juu ya kulanti" ndipo wanapojifichua. Dawa ya silikati (kemikali inayoganda kama kioo), ambayo kweli huweza kushikilia kwa muda tundu dogo la gasketi, mara nyingi inataka kulanti yote itolewe kwanza na mfumo usuuzwe kwa maji safi. Silikati nyingi za aina hiyo zikikutana na kulanti huweza kuganda kama uji. Anayekwambia umimine tu juu yake bila maelekezo ya mtengenezaji, huenda hana dawa hiyo, au anakuharibia injini.

Msidanganywe na onyesho la kopo. Anatoboa kopo la maziwa kwa msumari, maji yanachuruzika, anatia dawa, tundu linaziba. Maji yale ni ya baridi, hayana presha, na upande wa nje upepo unakausha dawa. Injini ina maji ya nyuzi 90, presha ya kifuniko cha rejeta kilichoandikwa 0.9 au 1.1 (yaani baa), na kwenye gasketi mlipuko wa mafuta unasukuma kwa nguvu mara makumi ya hiyo.

Dawa haina macho. Haitofautishi tundu linalovuja na njia nyembamba ya maji. Hita ndiyo huanza kuziba, na baridi ya Julai ya Makambako mnaijua. Kisha vijibomba vya rejeta, kisha themostati (vali inayofungulia maji ya moto kwenda kwenye rejeta) inakwama. Sensa ya joto ikifunikwa na tope, geji inaweza kusoma chini huku injini inachemka. Na kwetu huku juu kuna balaa la ziada: Mbeya iko karibu mita 1,700, maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni presha ya kifuniko. Makapi ya dawa yakikaa chini ya mpira wa kifuniko, presha haishiki, na gari linalokwenda vizuri tambarare litachemsha kwenye mlima wa kwanza, seuze Kitonga ukiwa na mzigo.

Kipimo nacho ni mtego. Gari dogo kama IST hubeba maji lita 5 hivi. Kichupa kilichopimwa kwa lita 10 ukikimaliza chote umeshazidisha maradufu.

Kabla ya kununua chochote, tafuteni panapovuja. Injini ikiwa baridi, fundi afunge pampu ya kupimia presha, ajaze hadi namba ya kifuniko, asizidishe, asubiri dakika 15. Sindano ikishuka, angalieni mipira na klampu zake, tundu dogo chini ya pampu ya maji, na pale plastiki ya rejeta inapobanwa na bati. Hizo zote ni kubadilisha, si kumimina. Kama nje ni pakavu na maji yanapungua, mipira inakuwa migumu mara tu baada ya kuwasha, au mapovu hayakomi, pimeni gesi kwenye rejeta: kimiminika cha bluu cha kipimo hicho kikigeuka njano kwa injini ya petroli, gasketi imeungua au hedi ina ufa. Fungueni hedi, ikapimwe kama imepinda.

Wanunuzi wa magari yaliyotumika, fungueni rejeta ikiwa baridi kabisa, mpitishe kidole ndani ya shingo. Tope la kahawia, nyuzinyuzi au chembe zinazometa kama shaba maana yake huenda kuna kitu kimefichwa.

Aliyekwisha kumimina asiendelee kuongeza. Atoe maji yote gari likiwa baridi, atoe themostati, asuuze hadi maji yatoke safi, na hita isuuzwe peke yake kwa kugeuza mkondo. Silikati iliyokwisha kukauka haitoki kwa maji. Rejeta hiyo ni ya kubadilishwa.

Kichupa kisicho na jina la mtengenezaji wala tarehe msikitupe. Kipelekeni Tume ya Ushindani (FCC) au Shirika la Viwango Tanzania (TBS) pamoja na risiti kama mlipewa, na mtaje mahali kilipouzwa.