Oili ya injini ya 10W-40 kwenye Toyota Fielder iliyotembea kilomita 268,000, uzoefu wangu wa miezi 14

Nianze na gari yenyewe ndio tuelewane. Ni Fielder ya 2008, injini ile ya 1NZ-FE 1500cc, niliinunua kwa mtu hapa hapa Kenya na huyo mtu alikuwa wa kusahau sevisi mpaka gari ilie. Niko Kisumu, kazi inanipeleka Kakamega mara tatu kwa wiki, yaani asubuhi napanda Riat na mzigo nyuma, Kiboswa, Majengo, Chavakali, jioni narudi nikiteremka. Hii injini haijui kupumzika.

Ilipofika 240,000 hivi nikaona inakula oili. Nilikuwa naweka 5W-30 kama kitabu cha gari kinavyosema. Chini haivuji, mahali inalala hakuna doa, lakini ukivuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, baada ya wiki tatu nne unakuta oili imeshuka mpaka alama ya chini. Watu wengi hapa wanasema tu "gari yangu inakula oili" na ukiwauliza inakula ngapi hawajui. Mimi nikaanza kuandika kwa simu, kila nikiongeza naandika kilomita na nimeweka kiasi gani. Ikatoka lita moja kila kilomita 1,300. Si kidogo hiyo.

Fundi wangu wa Kondele hata hakuinama kuangalia. "Omera (ndugu yangu), gari mzee inataka oili nzito, weka 20W-50 usahau."

Nikaweka. Na kusema ukweli ulaji ulipungua, ikawa lita moja kwa kama 2,000. Lakini kusahau sikusahau, kwa sababu kila asubuhi nikiwasha nasikia tik tik tik huko juu sekunde kadhaa kabla oili ifike, na mlima wa Riat gari ikiwa bado baridi ilikuwa inapanda kama imelazimishwa, petroli nayo ikaongezeka kidogo. Baadaye ndio nikaelewa, hii injini iko na VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, na VVT-i inasukumwa na presha ya hiyo hiyo oili, inapitia kwa valvu ndogo yenye chujio dogo sana, sasa ukiweka kitu kizito kama uji wa mtama asubuhi unategemea nini. Kwa zile Peugeot 504 za wazee wetu 20W-50 ilikuwa sawa kabisa, hizi injini za VVT-i ni kitu kingine.

Hapo katikati nilifanya ujinga mmoja. Nikaona duka moja linauza galoni ya lita 4 kwa 2,500 na kwingine kote ile ile iko 4,000 na kitu. Nikajiambia nimepata bei. Kifuniko kilizunguka bila kukata ile ringi ya plastiki, nikaona lakini nikajifanya sijaona. Kilomita 1,500 tu ilikuwa nyepesi kama maji na taa ya oili ilimulika nikiwa nimesimama Mamboleo kwa jam. Nilimwaga yote siku hiyo hiyo. Tangu siku hiyo nanunua petroli stesheni pekee, naangalia sili, naangalia stika, namba ya bechi lazima isomeke, na galoni ikiisha naitoboa kabla ya kutupa kwa sababu kuna watu wanaokota hizo galoni wanajaza upya.

Sasa tuje kwa 10W-40. Nilichukua Quartz 7000 ya Total, semi-sinthetiki. Nilichoangalia nyuma ya galoni ni viwango viwili vya ubora wa oili, API SN (herufi ya S ni ya petroli, C ni ya dizeli, msikubali kuwekewa oili ya lori) na ACEA A3/B4, hiyo A3 maana yake utando wa oili haulegei injini ikiwa moto sana, na hicho ndicho injini iliyochoka inahitaji. Kuhusu hizo namba, ile ya kwanza yenye W ni ya baridi, ya pili ni uzito wake kwa digrii 100. Halafu sikiza, 5W inapimwa kwa baridi ya digrii 30 chini ya sufuri na 10W kwa 25 chini ya sufuri. Hata Timboroa saa kumi na moja asubuhi haijawahi kuota baridi kama hiyo! Kwa hivyo kutoka 5W kwenda 10W hapa kwetu hupotezi kitu cha maana, na unapata 40 badala ya 30 injini ikipata moto.

Tik tik iliisha wiki ya kwanza. Mlima inapanda kama zamani. Ulaji sevisi ya kwanza ulikuwa lita moja kwa 1,900, kumaanisha karibu sawa na ile nzito, halafu nikabadilisha PCV valvu, ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue, ambayo ni kakitu ka shilingi 800 na hakuna fundi aliyewahi kunitajia, ilikuwa imeziba kabisa, ukiitingisha hailii. Sasa niko sevisi ya nne, kila kilomita 5,000, na naongeza kama lita mbili kati ya sevisi. Siwezi kudanganya ati ni oili peke yake imefanya hiyo kazi, valvu imechangia pakubwa. Injini inachukua lita 3.7 na filta, kwa hivyo galoni ya 4 inabakisha kidogo, nunua na chupa ya lita moja ikae kwa buti.

Inakuwa nyeusi haraka, nilishtuka mwanzo. Lakini hiyo ni uchafu wa yule mwenye gari wa kwanza unaoshwa polepole, na napenda iwe polepole. Fundi alitaka kunifanyia flashi, yaani kuosha injini ndani kwa dawa, nikakataa, maana huo uchafu ukibanduka wote mara moja unaweza kuziba chujio la pampu ya oili na hapo utaongea na watu wa injini za mtumba.

Moshi wa bluu kidogo asubuhi nikiwasha bado uko. Hizo ni valvu sili, mpira umekauka, hakuna oili itazirudisha ujana. Nimeuliza bei ya kuzibadilisha nikanyamaza kwanza. Kwa sasa kila Jumapili kabla ya kanisa gari ikiwa mahali tambarare navuta dipstiki, napangusa, navuta tena, naandika kwa simu. Jana ilikuwa katikati ya alama mbili, kilomita 1,100 tangu niongeze.