Washauri wawili wa maombi ya MBA: mmoja aliniandikia, mwingine aliniuliza

Kwa miezi minane nimelipa washauri wawili wanisaidie kuomba nafasi ya MBA, shahada ya uzamili ya biashara, ng'ambo. Wa kwanza ni ofisi ya hapa Kisumu, mjini kati, ghorofa ya pili juu ya duka la simu. Wa pili yuko Nairobi na hatujawahi kukutana ana kwa ana. Kazi yote tuliifanya kwenye Zoom, mimi nikiwa mezani kwangu Migosi baada ya zamu. Kila wiki kuna mtu ananiuliza nilifanyaje, kazini, kanisani, hata ndani ya matatu ya Kondele, na jambo lenyewe halielezeki kati ya steji mbili. Majina nimeyaacha. Ukijua cha kuangalia utawatofautisha mwenyewe.

Nina miaka 31. Nasimamia ghala la baridi la kampuni ya samaki karibu na ziwa. Niliingia nikiwa karani wa mizani, nikipima mbuta wanaoletwa na maboti, na leo chini yangu kuna watu kumi na wanne. Sikuwa na ndugu wala rafiki aliyewahi kusoma shule kubwa ya biashara, kwa hiyo nilipoamua kuomba nilifanya kama wengi tunavyofanya: nilifuata bango.

Pale ofisini kulikuwa na bendera za Uingereza, Kanada na Australia, na ukuta mzima wa picha za vijana wameshika pasipoti. Walinikaribisha vizuri, nikapewa chai. Nilipotaja shule nilizokuwa nazitaka, INSEAD ya Ufaransa na mbili za Uingereza, yule bwana aliandika kwenye karatasi vyuo vingine sita ambavyo sikuvitaja hata kimoja, akaniambia, "Madam, hivi ndivyo vitakuchukua haraka."

Hapo ndipo ningepaswa kuuliza nani anamlipa. Ofisi nyingi za namna hii ni mawakala. Chuo cha ng'ambo huwapa komisheni kwa kila mwanafunzi anayejisajili, ndiyo maana mara nyingi mwanafunzi mwenyewe hatozwi kitu. Kazi hiyo ni halali na ina faida yake. Binti wa shangazi yangu alikwenda kusomea uuguzi kupitia wakala na alishikwa mkono mpaka uwanja wa ndege. Lakini wakala atakuvuta kwenye chuo kinachomlipa. Kwa shule kama Harvard, Stanford au INSEAD, mwombaji hujaza fomu mwenyewe kwenye tovuti ya shule, anaandika insha zake mwenyewe, na wapendekezaji wake wanaandikiwa moja kwa moja na shule. Mshauri wa maombi ya aina hiyo analipwa na wewe, basi. Ukimkuta anakula pande zote mbili, ujue ushauri wake una mwenyewe, na si wewe.

Niliposhikilia shule zangu, walinitolea kifurushi cha shilingi 85,000, nusu mwanzoni. Nikatuma 42,500 kwa M-Pesa papo hapo, na mkataba sikuuomba. Waliniambia nafasi ni ya uhakika. Neno hilo uhakika lilinifurahisha siku ile, na sasa naliona ndilo lililopaswa kunisimamisha, maana hakuna mtu nje ya kamati ya shule anayeweza kukuahidi nafasi.

Cha kwanza nilichopewa ni kitabu cha kujiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara, fotokopi iliyobanwa kwa stepla. Nikakisoma kila usiku kwa wiki saba. Jiometri, kusahihisha sentensi, insha ya uchambuzi, vyote nilivipitia kwa kalamu. Baadaye ndipo nikagundua kwamba mtihani ule ulifungwa Januari 2024. GMAT ya sasa haina jiometri, haina kusahihisha sentensi, haina insha. Ina sehemu tatu, hesabu, lugha na uchambuzi wa data, kila moja dakika 45, na alama zinatoka 205 hadi 805. Alama zote zinaishia na tano. Kitu kidogo, lakini ni kipimo kizuri: mshauri akikuambia unahitaji 700 kamili, anazungumzia mtihani ambao haupo tena. Wiki saba zangu zilikwenda hivyo, na mimi ni mtu wa zamu, usiku wangu una thamani.

Kisha ikaja insha. Sikuulizwa chochote zaidi ya wasifu wangu wa kazi, na baada ya siku nne nikatumiwa insha nzima kwa barua pepe, Kiingereza cha kung'aa. Ilianza kwa kusema kwamba tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuleta mageuzi barani Afrika. Samaki hawakutajwa. Ziwa halikutajwa. Nilikaa nayo siku mbili nikijaribu kuipenda. Siku ya tatu nikamwonyesha mwenzangu wa idara ya fedha, kijana wa Bondo, ambaye alikuwa amepitia ofisi hiyo hiyo mwaka uliotangulia. Alifungua simu yake, akatafuta kidogo, akanipa nisome. Sentensi ya kwanza ilikuwa ile ile, neno kwa neno. Utoto wake na utoto wangu ulikuwa mmoja.

Hili si jambo la aibu tu. Kuna shule zinazopitisha insha kwenye programu za kukamata kazi za kunakiliwa. Mwaka 2012 UCLA Anderson ya Marekani iliwakataa waombaji kadhaa kwa sababu hiyo. Ungejieleza vipi kwamba hukunakili, ulinunua? Na nilipouliza kuhusu barua za wapendekezaji, nikaambiwa niziandike mwenyewe halafu bosi atie sahihi. Bosi wangu ni mzee wa kanisa. Nilijiona nikiingia ofisini kwake na ombi hilo, nikaona haya, na sikurudi tena kwenye ile ofisi. Nusu ya pili sikulipa. Ile ya kwanza sikurudishiwa. Awamu ya Septemba, ambayo shule nyingi huiita ya kwanza, ilikuwa imenipita. Nililia, nasema ukweli, kwa sababu ya muda kuliko fedha.

Wa pili nilimpata kupitia dada mmoja aliyesoma Uingereza na sasa anafanya kazi Nakuru. Ni Mkenya, alisoma MBA ng'ambo mwenyewe, na hutoza kwa saa: shilingi 6,000. Nusu saa ya kwanza haikuwa na malipo. Katika nusu saa hiyo aliniambia mambo matatu ambayo ofisi ya kwanza haikuwahi kuyasema. Hataniandikia hata sentensi moja. Hawezi kuniahidi nafasi. Na kama naona hatuelewani, niondoke kabla ya kulipa. Alinitumia mkataba wa ukurasa mmoja na nusu, wenye idadi ya saa, kazi ya kila saa, na lini naweza kudai fedha zangu. Baadaye nilikuja kujua kwamba kuna chama cha kimataifa cha washauri wa kazi hii, AIGAC, ambacho kanuni zake zinawakataza wanachama kuwaandikia waombaji insha. Kwa hiyo alichoniambia hakikuwa ukali wake binafsi, ndio utaratibu wa watu wa kazi hiyo.

Nilimwita Mwalimu tangu siku hiyo, naye ananiita dada.

Saa ya pili ndiyo iliyobadilisha kila kitu, na nataka niieleze polepole. Nilikuwa nimeandika upya insha yangu kuhusu usiku ambao stima ilipotea na jenereta ikagoma, ghalani kukiwa na tani nne za mbuta waliokwisha kupasuliwa minofu. Niliandika kwamba tulishirikiana, tukafanya uamuzi wa haraka, tukaokoa mzigo. Mwalimu aliifungua kwenye skrini na akaanza kuzungushia duara jekundu kila "sisi" aliyoikuta. Hakusema neno. Nilihesabu duara kumi na moja kwenye aya mbili.

Halafu akauliza, "Dada, nani alipiga simu ya kwanza?"

"Mimi."

"Saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi usiku."

"Ulimpigia nani?"

"Dereva wa lori la barafu."

"Kwa nini si meneja?"

Nikanyamaza. Yeye pia akanyamaza, na naomba uelewe kwamba nilikuwa nalipa shilingi mia moja kwa dakika na sikujali. Mwisho nikamwambia ukweli ambao sikuwahi kumwambia mtu: meneja angesema tusubiri stima irudi, na mimi nilijua kwa mkono wangu, nilioupitisha juu ya kreti, kwamba samaki hawangengoja. Nusu ya mzigo niliufunika barafu nikaupeleka ghala la jirani. Nusu nyingine niliwauzia akina mama wa soko kabla ya alfajiri kwa bei ya chini, nikipokea M-Pesa kwa simu yangu mwenyewe, na saa mbili asubuhi nikamkabidhi meneja hesabu pamoja na barua ya kujieleza, nikijua naweza kufukuzwa.

"Hiyo ndiyo insha," Mwalimu akasema. "Andika hiyo."

Sisi tumelelewa kusema "tulifanya". Ukisema "nilifanya" mbele ya wazee unaonekana una majivuno. Kwa hiyo niliona uchungu kuziondoa zile "sisi" moja baada ya nyingine, kama vile nawanyang'anya wenzangu. Mwalimu alinielewa, alisema wataje kwa walichofanya, dereva kwa alichofanya, mama wa soko kwa alichofanya, halafu nawe jitaje kwa ulichofanya. Ikatoka insha yenye watu watano, kila mmoja na kazi yake. Nilipomsomea mume wangu alisema, "Sasa huyu ni wewe."

Wapendekezaji tulifanya kwa njia ya haki. Shule humtumia mpendekezaji kiungo kwenye barua pepe yake, anajaza maswali mwenyewe, mwombaji haoni. Mwalimu alinishauri nimpelekee bosi ukurasa mmoja wa kumkumbusha kazi nilizofanya na tarehe zake, basi, maneno yawe yake. Bosi alikaa nayo wiki mbili. Kile kiungo kilikuwa kimeangukia kwenye barua taka, tukakipata zikiwa zimebaki siku tatu. Mtumie mpendekezaji ujumbe siku ile ile unapoweka jina lake kwenye fomu, umwambie aangalie na huko.

Ana kasoro zake. Wiki ya mwisho kabla ya awamu ya Januari alikuwa na waombaji wengi, na insha yangu ya tatu ilikaa kwake siku tano bila jibu. Mtandao ulipokatika nyumbani kwangu, zile dakika alizihesabu, na mkataba ulimruhusu. Kuhusu ufadhili alinisaidia kidogo sana. Mambo ya Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, niliyatafuta mwenyewe: maombi ni ya bure, yanahitaji uzoefu wa kazi wa miaka miwili, unachagua kozi tatu, unarudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo, na kwa MBA wanaweka kikomo cha ada watakayolipa, kwa hiyo kilichozidi ni chako. Mshauri wa mtu wa Kisumu anapaswa kuyajua haya kichwani, kwa sababu kwetu swali la nafasi na swali la karo ni swali moja. Vilevile sikuambiwa mapema kwamba baadhi ya shule humwondolea mwombaji ada ya fomu akieleza hali yake. Harvard, kwa mfano, hutoza dola 250 kwa fomu moja, na ina utaratibu wa kuomba usamehewe. Ada ya shule moja nililipa kabla ya kuuliza.

Jumla nilitumia saa tisa, shilingi 54,000. Ukiongeza zile zilizopotea, ni 96,500, mbali na mtihani wenyewe na basi la usiku la kwenda Nairobi kuufanya. Niliomba shule tatu. Moja ilinikataa, moja imeniweka kwenye orodha ya kungoja, na moja ya Uingereza, kozi ya mwaka mmoja, imenipa nafasi pamoja na punguzo la sehemu ya karo. Salio bado nalitafuta.

Je, kuna ulazima wa kumlipa mtu? Kama una rafiki aliyepitia njia hiyo, mwenye ujasiri wa kukuuliza "nani alipiga simu ya kwanza" na kungoja jibu, mshike huyo. Mimi sikuwa naye, na zile saa tisa ningezilipia tena. Saa mbili au tatu tu zingemtosha mtu anayeandika vizuri: moja ya kuchagua shule, moja ya insha, moja ya kufanya mazoezi ya mahojiano. Vifurushi vya shule sita sivishauri kwa mtu wa mshahara wetu.

Yule kijana wa Bondo ameamua kujaribu upya. Jumamosi iliyopita alipita nyumbani, nikampa ile rasimu yenye duara kumi na moja, niliyokuwa nimeichapisha kwa rangi kule Mega Plaza. Ameanza kuandika kuhusu duka la mbolea la mama yake. Jana usiku alinitumia aya ya kwanza, na nimemrudishia swali moja: siku ile mteja aliporudi na gunia, wewe ulisimama wapi?