Mimea ya kununua ili bustani iwe na rangi kuanzia Novemba hadi Machi

Kwa anayeishi Uingereza, bustani huanza kumkatisha tamaa Novemba. Majani yameshapukutika, nyasi zimelowa, na mwishoni mwa Desemba jua la London linazama kabla ya saa kumi jioni. Wengi wetu tunafunga pazia tukisubiri Aprili. Lakini ipo mimea ambayo kazi yake huanza baridi ikishaingia, na si ya matajiri wenye viwanja vya ekari tatu. Mingi inaenea kwenye kijibustani cha nyuma ya nyumba za safu, kile chenye uzio wa mbao pande zote na mapipa ya taka pembeni.

Nimeipanga kwa kipimo kimoja: unapata wiki ngapi za rangi kwa pauni unayotoa, na inakudai kazi kiasi gani. Kwa kipimo hicho ua zuri la wiki mbili halishindi tawi jekundu la miezi minne. Majina nimeyaacha kama yalivyo kwenye lebo, kwa sababu ndiyo utakayoyatafuta ukiwa umesimama kati ya meza za miche huku vidole vimekufa ganzi.

Kabla ya kulipa

Simama kwanza kwenye dirisha la jikoni utazame nje. Mmea wa winta hutazamwa kutoka ndani. Hakuna anayekaa bustanini Januari akinywa chai. Kwa hiyo mahali pa kupanda ni pale dirisha linapoonyesha, au kando ya njia ya kutoka getini hadi mlangoni unayopita kila siku. Mahali hapo ndipo patakapoamua ununue mmea wa jua au wa kivuli.

Kisha soma lebo. Chama cha bustani cha huko, RHS, hupima ustahimilivu wa mimea kwa herufi H na namba, kuanzia H1a hadi H7. H4 huvumilia mpaka nyuzi 10 chini ya sifuri, H5 mpaka 15, H6 mpaka 20. Kwa ardhini H4 inatosha sehemu nyingi za nchi. Kwa chungu, chukua H5 kwenda juu, maana mizizi iliyo chunguni hupigwa na baridi pande zote. Ukiona pia kikombe kidogo kimechorwa kwenye lebo, hiyo ni tuzo ya RHS kwa mimea iliyothibitika kufanya vizuri bustanini. Mimi naiamini zaidi kuliko picha, kwa sababu picha hupigwa siku ambayo mmea uko kwenye ubora wake.

1. Cornus, kichaka cha matawi ya rangi

Kama utanunua kitu kimoja tu, nunua hiki. Kiangazi ni kichaka cha kawaida ambacho hutageuza shingo kukitazama. Novemba majani yakidondoka, matawi yanabaki wazi na hapo ndipo unaona ulichonunua: 'Sibirica' ni nyekundu, 'Flaviramea' ni ya kijani-njano, na 'Midwinter Fire' ina rangi ya chungwa chini inayoiva kuwa nyekundu nchani. Jua la Januari hupita chini sana, karibu na usawa wa uzio, na likikipiga kichaka hicho ubavuni asubuhi, matawi huwaka kama makaa yaliyopulizwa. Rangi hiyo inakaa mpaka Machi bila ua hata moja.

Kinapenda jua, kivulini kitaishi lakini rangi itafifia. Udongo hakichagui, hata ule mfinyanzi mzito unaotuamisha maji. Kazi yake ni moja tu. Rangi kali iko kwenye matawi machanga, yale ya zamani hugeuka kahawia, kwa hiyo kila Machi, au mwaka mmoja ukate mwingine uache, unakipogoa mpaka kiganja kimoja hivi kutoka ardhini. Watu wanaogopa kukata namna hiyo, na matokeo yake baada ya miaka mitano wana kichaka kirefu cha kahawia na wanalaumu kitalu. Kata. Isipokuwa 'Midwinter Fire', ambayo haina nguvu kama wenzake: hiyo iache miaka miwili mitatu ishike, halafu uondoe kiasi tu cha matawi makongwe kila mwaka.

Kuhusu bei, usiikimbilie iliyo kwenye chungu kikubwa. Kuanzia Novemba hadi Machi vitalu huuza miche ya mizizi mitupu, yaani imeng'olewa shambani ikiwa imelala na kufungwa kwenye mfuko bila chungu wala udongo. 'Sibirica' na 'Flaviramea' hupatikana hivyo kwa pauni chache tu kila mche. Ikifika, usiiache mizizi ikauke hata nusu siku. Kama huna nafasi ya kupanda, ifukie kwa muda kwenye udongo wowote wenye unyevu. Na kama jirani anacho, huna haja ya kununua kabisa. Muombe matawi anayokata winta, kata vipande vya sentimita 25 hivi, vichomeke ardhini mpaka zaidi ya nusu ya urefu wake, uvisahau. Vingi vitashika.

2. Mahonia

Huu ni wa kivuli, na bustani nyingi za mijini ni kivuli kitupu. Hauondoi majani mwaka mzima. 'Charity' na 'Winter Sun' hutoa mikono mirefu ya maua ya njano kuanzia Novemba, yakiendelea hata Januari, na yana harufu. Katika miji ya kusini utawaona nyuki wale wakubwa wenye manyoya wakiyazuru katikati ya Desemba, wakati hakuna chakula kingine.

Angalia mambo mawili. Majani yake yana miiba, na yakidondoka hukauka yakiwa na miiba vilevile, kwa hiyo usiuweke mahali watoto wanapocheza peku. Pili, hufika mita tatu au zaidi. Kwa chungu au nafasi finyu kuna 'Soft Caress', iliyoshinda tuzo ya mmea wa mwaka kwenye maonyesho ya maua ya Chelsea mwaka 2013: majani membamba yasiyo na miiba, kimo cha mita moja na kidogo. Ubaya wake ni kwamba inachanua mapema, mwisho wa kiangazi hadi majira ya majani kupukutika, hivyo Januari unabaki na majani tu. Majani yenyewe mazuri, ila si rangi uliyoifuata.

3. Helleborus

Mmea mfupi, wa magoti kushuka chini, unaochanua wakati ardhi bado ngumu. Helleborus niger hutoa maua meupe karibu na Krismasi. Zile chotara, ambazo lebo huandika Helleborus x hybridus, huanza mwishoni mwa Januari na kuendelea hadi Aprili, kwa rangi za waridi, zambarau, krimu, hata zinazokaribia weusi.

Chotara zisinunuliwe kwa lebo. Nyingi zimekuzwa kwa mbegu, na vyungu viwili vyenye jina moja vinaweza kutoa maua tofauti. Nenda Februari zikiwa zimechanua. Maua yake huinamia chini, kwa hiyo liinue moja kwa kidole uangalie ndani: hapo utaona kama lina madoa, kama rangi ni safi au imekaa kama maji ya kufulia. Nyumbani, majani ya zamani yakate chini matumba ya maua yakianza kuchungulia, ili maua yaonekane na ule ugonjwa wa madoa meusi usihamie kwenye majani mapya. Vaa glavu, utomvu wake huwasha, na mmea wote ni sumu kwa anayeula. Mwenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni aupite kwa sasa.

4. Erica carnea

Hii ndiyo rahisi kuliko zote kwa anayepanga nyumba na hataki kuwekeza kwenye ardhi ya mwenye nyumba. Chungu, kijimmea cha sentimita 20, maua ya waridi au meupe kwa wiki nyingi kati ya mwisho wa mwaka na Aprili. Tofauti na ndugu zake wengi, huvumilia udongo wenye chokaa. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu amepita kati ya jamaa zake: ile mierika mirefu inayoanza msitu ukiisha, kati ya Mandara na Horombo.

Tahadhari moja: kuna mmea unaofanana nao, Calluna, unaojaa madukani kuanzia Septemba. Ukiuona una maua ya bluu, hiyo ni rangi ya kupuliza.

5. Hamamelis

Kwa uzuri ningeuweka wa kwanza. Januari, kwenye matawi matupu, hutoka maua ya nyuzinyuzi yenye harufu ya viungo. Jalidi ikipiga yanajikunja, joto likirudi yanajikunjua. Umeshuka hadi hapa kwa sababu ya pesa na subira. Mche wa maana mara nyingi hupita pauni 30, hukua polepole, huchanua wiki chache, na haupendi udongo wa chokaa nyingi. Ukiuchukua, chagua 'Pallida' ya njano. 'Diane' ni nyekundu na inavutia ukiwa umesimama kando yake, lakini kutoka dirishani haionekani, inamezwa na rangi ya uzio.

Mche huo hubebeshwa juu ya shina la jamaa yake. Chochote kinachochipuka chini ya kiungo, king'oe mapema, la sivyo shina la chini litautawala mmea uliolipia.

6. Skimmia 'Rubella'

Ni ya kivuli na ya chungu, na matumba yake mekundu ya maua hukaa hivyo winta nzima kabla ya kufunguka. 'Rubella' ni dume, haitazaa. Ukitaka matunda mekundu lazima uwe na jike na dume karibu, au ununue 'Reevesiana', ambayo inajitegemea. Majani yakigeuka njano, ujue udongo una chokaa au jua limezidi.

Nje ya orodha

Sarcococca confusa haina rangi ya kuzungumzia. Maua yake ni vijinyuzi vyeupe ambavyo mgeni hatavitambua. Harufu ndiyo bei yake. Iweke mlangoni, kivulini, na kuanzia Desemba kila anayebisha hodi atauliza ni nini. Aliyekulia Pwani, amezoea asumini jioni, ataelewa kwa nini naitaja. Ajabu ni kwamba asumini ya winta yenyewe, Jasminum nudiflorum, iliyoletwa Uingereza na mkusanyaji mimea Robert Fortune kutoka China mwaka 1844, haina harufu hata chembe. Kwa ukuta usiopata jua ni nzuri, maua ya njano tele kwenye matawi ya kijani, ila usinunue ukitarajia kikuba.

Pyracantha kwa uzio: matunda ya chungwa au mekundu mpaka ndege wayamalize, na miiba inayomfanya mwizi afikirie ukuta wa jirani. Callicarpa 'Profusion' huzaa shanga za zambarau ambazo utadhani ni za plastiki. Mmoja peke yake huzaa haba, miwili au mitatu ndiyo hunoga. Nerine bowdenii, tunguu kutoka Afrika Kusini, hutoa maua ya waridi kali Oktoba. Lipande chini ya ukuta wenye jua, shingo ya tunguu ikichungulia juu ya udongo.

Ambacho singelipia ni saiklameni wa maua makubwa kama mapambo ya nje. Ni wa ndani, jalidi moja inammaliza. Wa nje ni Cyclamen coum, mdogo, wa Januari hadi Machi. Pansi za trei nazo ni za bei rahisi lakini mvua huzigeuza karatasi iliyolowa. Viola, zenye maua madogo zaidi, huinuka upesi.

Kama unaweza, kabla ya kununua nenda Januari kwenye bustani za winta zenyewe: Anglesey Abbey karibu na Cambridge, au Sir Harold Hillier Gardens huko Hampshire. Utaiona mimea kwa ukubwa wake halisi, ikiwa na umri ambao mche wako utaufikia baadaye.

Na kwa anayekaa fleti isiyo hata na roshani, lipo ua la nyumbani kwetu. Saintpaulia, linalouzwa kwenye masupamaketi ya Uingereza mwaka mzima, asili yake ni milima ya mashariki ya Tanzania na Kenya, Usambara ikiwemo. Jina hilo lilitolewa mwaka 1893 kutokana na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga. Huchanua ndani hata winta. Liweke dirisha la mashariki au magharibi, maji yawe ya vuguvugu na yatiwe kwenye kisahani chini ya chungu, maana maji baridi yakigusa majani huacha madoa. Usiku ukivuta pazia, litoe kwanza dirishani.